Wamenibadilishia pampu nzima, ugonjwa ulikuwa kwenye waya

Mwenye haraka achukue hukumu hii aende zake: mashine nzuri, karakana mbovu. Kama una chipa, mashine ya kukatakata matawi, yenye rola za kuvuta matawi kwa nguvu ya oili (haidroliki), na uko huku kwetu Mafinga, Makambako au Njombe, nisome kwanza kabla hujampigia mtu simu. Jina lao silitaji. Bado tunadaiana, na sitaki waje waseme nimewachafua.

Mashine yenyewe ni ya dizeli, ya kukokota, mtumba wa Uingereza. Inakula matawi ya mipaini, milingoti na miwati, na vipande vinavyotoka nawauzia wenye mashamba ya parachichi kwa ajili ya matandazo. Ukiniuliza mimi, hakuna senti niliyowahi kuitoa kwa furaha kama ile ya kuinunua. Kwa hiyo hasira yangu si ya mashine, lieleweke hilo.

Masika yakielekea kuisha, rola zikagoma kwenda mbele. Injini inanguruma vizuri, visu vimetoka kunolewa, flaiwili, lile gurudumu zito lenye visu, inazunguka. Ukiliweka bango la usalama, ule upau wa mdomoni unaoongoza rola, upande wa kuingiza, kimya. Ukiliweka upande wa kurudisha, rola zinarudi nyuma kwa nguvu zote, zinalitapika tawi zima lililokuwa limeshang'atwa.

Shikeni hapo hapo. Nyuma zinarudi, mbele haziendi.

Pampu ya haidroliki kwenye mashine hii ni moja tu. Inasukuma oili, basi. Anayeamua oili iende upande gani ni valvu, na valvu hiyo inasukumwa na koili mbili, yaani sumaku za umeme, moja ya mbele, moja ya nyuma. Pampu ikifa, haifi upande mmoja. Rola zikirudi nyuma kwa nguvu, maana yake pampu inasukuma, mota ya kuzungusha rola ni nzima na oili ipo. Mimi sikusomea haidroliki, ila hili linahitaji cheti gani?

Na kuna kitu kingine ambacho fundi wa chipa asipokijua, bora akauze vocha. Mashine hizi nyingi zina kisanduku kinachohesabu mizunguko ya injini. Gogo nene likiilemea injini, kisanduku kinazisimamisha rola mpaka injini ipate pumzi, ndipo zinaendelea kuvuta. Hesabu inatoka kwenye sensa ndogo inayotazama kichwa cha bolti au jino la kitu kinachozunguka. Taarifa isipofika, kisanduku kinaamini injini imelala, kinakataa kuruhusu mbele. Nyuma hakikatazi, kwa sababu nyuma ndiyo njia ya kutolea kilichokwama. Dalili yangu ilikuwa hiyo hiyo, imeandikwa kwenye kitabu cha mashine kwa herufi za kusomeka.

Sasa nikaita karakana, mkubwa wao akaja. Hakuomba kitabu. Hakuuliza ilianzaje. Akapapasa pampu, akasikiliza kidogo, akatangaza, "Hii imekufa." Nikamwambia kwa heshima, "Fundi, mbona nyuma inarudi?" Akanigeukia mbele ya vijana wangu wote, akasema, "Mama, hii si cherehani. Tuachie wenyewe."

Vijana wakacheka. Wengine wao nimewafundisha mimi kushika msumeno.

Geji ya presha haikushuka kwenye gari. Pampu huwezi kuihukumu kwa sikio. Unafunga geji, unasoma, unalinganisha na kiwango cha kitabu, na hata presha ikiwa ndogo bado unaangalia kwanza valvu ya kupunguza presha kama imekwama wazi, chujio kama limeziba, na mkanda unaoendesha pampu kama unateleza. Hakugusa hata kimoja. Kitu alichotoa ni testa ya umeme. Akaichomeka kwenye plagi kubwa, ikasoma volti 12 na ushei, akasema, "Umeme mzima." Umeme mzima kwa testa! Testa haili umeme wowote wa maana. Waya ulioning'inia kwa uzi mmoja wa shaba unaweza kuionyesha volti 12 kamili, ukiupa kazi ya kuvuta koili unazimia. Fundi umeme wa magari pale stendi anajua hili, ndiyo maana anapima kwa balbu ya taa ya gari.

Nikalipa milioni moja na laki nane ya pampu mpya, nikabakiza laki nne za ufundi. Nililipa kwa sababu wateja walikuwa wananipigia simu na yeye ndiye aliyekuwepo.

Pampu ikafungwa, mashine ikawashwa. Mbele? Haiendi. Na sasa hata nyuma, iliyokuwa nzima, inakwenda kwa kushtuka shtuka, na pampu mpya inalia mluzi. Nikafungua tangi, oili imejaa povu. Nikamwita aone, akaniambia oili inahitaji kuizoea pampu. Nimeishi na mashine miaka mingi, sijawahi kusikia oili inayohitaji kuzoea. Povu ni hewa. Hewa inaingia upande wa kuvuta, kwenye paipu ya kutoka tangini kwenda kwenye pampu, na tundu la upande huo mara nyingi halidondoshi hata tone nje, kwa sababu linanyonya. Klipu ya paipu hiyo waliiacha imelegea. Ilikazwa na dereva wangu kwa bisibisi baada ya wao kuondoka, na povu likaisha. Yaani nilikuwa na tatizo la umeme tu, wakaniongezea la haidroliki, na risiti juu.

Mpaka hapo ningewapa sifuri bila kupepesa macho. Lakini jioni simu ikalia. "Kamwene mama. Shikamoo. Ni mimi yule niliyekuwa namshikia spana." Akaniomba radhi kwa niaba ya mkubwa wake, akasema pale alishindwa kusema, yule ndiye anayempa mkate. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza mchana kutwa: je, kile kitaa kidogo kwenye sensa kinawaka?

Kwa simu hiyo hiyo akatuelekeza. Injini izimwe, ufunguo nikae nao mimi mwenyewe mfukoni, flaiwili isimame kabisa. Plagi za koili mbili zibadilishwe, ya mbele iende nyuma, ya nyuma iende mbele. Watu wote wakae mbali na mdomo wa mashine, maana sasa rola zitaenda kinyume na bango. Ukiwasha na kuliweka bango upande wa kurudisha, rola zikienda mbele, basi koili, valvu, pampu na mota vyote ni vizima, na kosa liko kwenye umeme au taarifa ya kuruhusu mbele.

Zikaenda mbele.

Tukazima, tukarudisha plagi mahali pake. Tukasogeza spana mbele ya sensa ufunguo ukiwa umewashwa bila injini: kitaa hakikuwaka. Tukaufuata waya kwa mkono mpaka chini ya kifuniko cha flaiwili ya visu. Umebanwa na kifuniko, ganda limepasuka, shaba imeota kutu ya kijani. Ukakatwa, ukaungwa kwa risasi, ukavalishwa mpira, ukapitishwa mbali na kifuniko. Gharama yake sitaitaja, nitalia.

Na nani aliyefungua kifuniko kile mara ya mwisho? Wao, walipokuja kunoa visu. Siapi kwamba ndio walioubana. Mashine ni mtumba, huenda waya ulikuja umeshaumia tangu huko ulikotoka na mvua za huku zikamalizia. Nasema tu kwamba kabla ya visu vyao rola zilikuwa zinakwenda.

Basi, karakana hiyo niipe nini? Kijana yule ni fundi, na nikisema watu waikimbie nitakuwa nimemkata riziki. Nilikuwa tayari kuandika kwamba nendeni, ila mumwombe yeye, si mkubwa. Nikapiga simu ofisini nimsifie, na papo hapo nikaiulizia pampu yangu ya zamani, kwa kuwa sasa tumethibitisha ilikuwa nzima na pampu ya akiba ni mali. Dada wa mapokezi akaniambia pampu za zamani huwa wanatupa. Pampu nzima ya chuma, inatupwa? Mkubwa alipochukua simu akasema alishaniambia mambo haya niwaachie wenyewe.

Kwa hiyo hapana. Msiende. Mkikutana na kijana mwenye adabu anayebeba begi la spana na kuuliza kabla ya kugusa, mpeni kazi yeye binafsi. Laki nne yao ninayo, iko kwenye simu, haitoki mpaka pampu yangu irudi Mafinga.