Chama au mchango: nani atakubeba ukilazwa?
Mtu akilazwa Nairobi, kikundi cha WhatsApp hufunguliwa kabla ya chakula cha jioni: mweka hazina katajwa, namba ya M-Pesa imebandikwa. Huo ndio mchango. Hauna ada ya kila wiki, na huweza kukusanya pesa nyingi kwa siku 2. Lakini hutegemea unajulikana vipi. Fundi aliyehamia mtaa wa Pipeline juzi ataambulia "pole sana" na viganja vya maombi.

Chama cha kusaidiana hukukamua kidogo kidogo. Mia mbili kila Jumapili, daftari, faini ya kuchelewa, na yule mama wa hazina asiyecheka na mtu. Kiwango cha msaada kimeandikwa, kwa hiyo huombi, unadai. Hapo, kwangu, chama kinashinda wazi. Ila bili ikifika laki 4, elfu 20 za chama hazigusi.

Na deni? Marcel Mauss, mwanaanthropolojia Mfaransa, aliandika mwaka 1925 kwamba zawadi hudai kurudishwa. Mchango ndivyo ulivyo: orodha ya nani alituma ngapi hubaki kwenye simu.

Kama una kipato cha kila wiki na majirani wa kudumu, ingia chama. Anayehamahama lakini ana ukoo mkubwa, mchango utamfaa, mradi naye huwa anatuma.