Pampasi za mtoto mjini Tabora: ipi ya kununua kwanza, ipi ya mwisho

Mzazi anayeingia katika duka la jumla karibu na soko kuu la Tabora, au katika kiduka cha mtaani kule Ng'ambo au Ipuli, hukuta pampasi zimepangwa hadi darini, na kitu cha kwanza anachotazama ni bei iliyoandikwa kwa kalamu juu ya pakiti. Bei hiyo peke yake haimwambii mengi, kwa sababu pakiti moja ina vipande 24, nyingine 40, nyingine zaidi ya 60, na pakiti mbili zenye ukubwa ule ule wa macho zinaweza kutofautiana kwa vipande kumi. Kipimo ninachokiamini ni gharama ya mtoto mmoja kwa siku nzima, mchana ukihesabiwa peke yake na usiku peke yake. Mimi nimelea mapacha, Kulwa na Doto, na jambo hilo lilinipa nafasi ambayo wazazi wengi hawana: niliweza kuwavalisha watoto wawili wa umri mmoja pampasi mbili tofauti usiku mmoja, kisha usiku uliofuata nikabadilishana.

Sitazipanga kwa majina ya kampuni. Neno pampasi lenyewe limetokana na Pampers, ambayo kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ilianza kuiuza mwaka 1961, na leo tunaliita kila kitu cha namna hiyo pampasi, iwe Huggies, Molfix, Softcare au isiyo na jina kabisa. Tena kampuni moja hutengeneza daraja zaidi ya moja chini ya jina lile lile, kwa hiyo anayesema "nipe pampasi za kampuni fulani" anaweza kupewa ya chini akidhani ni ile nzuri aliyoiona kwa dada yake. Nazipanga kwa daraja na kwa namna zinavyouzwa.

Nafasi ya kwanza naipa pampasi za kubandika za daraja la kati, zinazonunuliwa kwa pakiti kubwa na kutumiwa mchana, pamoja na pakiti ndogo ya daraja la juu iliyotengwa kwa ajili ya usiku peke yake. Watu huniambia kwamba kununua aina mbili ni anasa. Hesabu inasema kinyume chake, na nitaieleza kwa mfano, kwa kuwa bei hupanda na kushuka.

Tuseme pakiti ya vipande 40 ya daraja la kati ni shilingi 18,000, yaani 450 kwa kipande. Ya daraja la chini ni 12,000, yaani 300. Na ya daraja la juu ni 26,000, yaani 650. Mchana mtoto wa miezi sita hadi tisa anatakiwa kubadilishwa kila baada ya saa tatu au nne, na papo hapo akijisaidia haja kubwa, hata kama pampasi bado ina nafasi ya kunyonya mkojo. Kwa hiyo ndani ya saa 12 za mchana utatumia vipande vinne vya daraja la kati kwa 1,800, au vinne vya daraja la juu kwa 2,600. Shilingi 800 hizo za ziada umelipia uwezo ambao hukuutumia, kwa sababu umeivua pampasi kabla haijajaa. Ile ya daraja la chini italowa mapema na kukulazimisha kutumia sita, ambazo nazo ni 1,800.

Usiku hesabu inageuka. Kipande kimoja cha daraja la juu hufikisha asubuhi kwa 650. Daraja la kati utahitaji viwili, 900, na kuamka mara moja. Daraja la chini ni vitatu, 900 vilevile, na shuka la kufua. Ukijumlisha mchana na usiku, atakayetumia daraja la kati tu au la chini tu atatoa 2,700 kwa siku, atakayetumia la juu tu atatoa 3,250, na atakayechanganya atatoa 2,450. Kwa siku 30 tofauti kati ya kuchanganya na kutumia daraja la chini ni shilingi 7,500, na mwenye kuokoa ni yule aliyeonekana dukani ananunua kwa gharama. Weka bei za duka lako katika hesabu hiyo hiyo uone. Kwa mtoto mchanga, anayebadilishwa mara nane hadi kumi kwa siku, ongeza idadi ya mchana.

Usiku niliowajaribu mapacha, niliwavua pampasi saa 12 asubuhi na kuzipima kwenye mizani ndogo ninayopimia unga wa keki. Zote mbili zilizidi robo kilo, kwa hiyo kwa wingi wa mkojo hazikutofautiana sana. Tofauti ilikuwa kwenye ngozi. Kulwa, aliyevaa ya daraja la juu, makalio yake yalikuwa makavu kama ya mtoto aliyetoka kufutwa. Doto alikuwa na unyevu uliong'aa kwenye mikunjo ya mapaja, na wekundu umeanza. Usiku wa pili nilipobadilishana, wekundu ulimfuata Kulwa. Ndipo nilipoelewa kwamba pampasi nzuri si ile inayobeba mkojo mwingi tu, bali ile inayouondoa haraka kwenye ngozi na kutouachia tena mtoto anapoulalia.

Ili ujue kwa nini, chukua kipande kimoja ukichane kwa mkasi. Juu utakuta kitambaa laini kinachogusa ngozi, chini yake tabaka jembamba la kusambaza mkojo, kisha pamba ya nyuzi za mti iliyochanganywa na chembechembe nyeupe zinazometa kama sukari, na mwisho plastiki ya nje. Chembechembe hizo ndizo zinazofanya kazi kubwa, kwani zikipata maji huvimba na kuwa jeli isiyorudisha maji kirahisi. Katika pampasi ya bei ya chini mara nyingi pamba ni nyingi na chembechembe ni chache, na pamba ikibanwa hutema maji. Kwa hiyo unene si dalili ya ubora, na nawasihi akina mama waache kuzibonyeza pakiti dukani wakitafuta iliyo nene.

Unaweza kupima mwenyewe nyumbani kabla hujajifunga na pakiti kubwa. Jaza maji ya uvuguvugu katika chupa ya soda ya mililita 350, utie nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi ya Uvinza iliyopo jikoni inatosha. Chumvi ni ya lazima katika jaribio hili, kwa kuwa mkojo una chumvi, na chembechembe zinazoweza kumeza maji matupu mamia ya mara ya uzito wao humeza maji ya chumvi makumi machache tu ya mara. Anayepima kwa maji ya bomba matupu ataona kila pampasi ni bora. Mimina theluthi ya chupa katikati ya pampasi, subiri dakika kumi, mimina theluthi ya pili, subiri tena, kisha ya mwisho. Baada ya hapo weka karatasi laini ya chooni iliyokunjwa na uikandamize kwa kiganja ukihesabu hadi kumi na tano. Ikitoka kavu au na unyevu kidogo, hiyo ni pampasi ya usiku. Ikilowa kiasi, itumie mchana. Ikitoka imelowa chapachapa, usiinunue tena.

Nafasi ya pili ni pampasi za chupi, zile zinazovutwa kutoka miguuni. Kwa kipande huwa ghali kuliko za kubandika za daraja lile lile, na kwa mtoto asiyetambaa sioni sababu ya kulipia tofauti hiyo. Mtoto akianza kusimama na kukataa kulala chali, hapo zinastahili bei yake. Kumbuka tu kuzivua kwa kuchana mishono ya pembeni, maana ukizivuta chini zikiwa na choo utampaka hadi visiginoni.

Nafasi ya tatu ni kununua moja moja. Muuza duka anayefungua pakiti lazima apate faida yake, na kipande cha 450 kikiuzwa kwa 600, vipande sita kwa siku ni 3,600, karibu shilingi 108,000 kwa mwezi badala ya 81,000. Siwalaumu wanaonunua hivyo. Mwenye kipato cha siku hununua kwa siku, na kwa safari ya ghafla au kwa kujaribu aina mpya, moja moja ndiyo njia sahihi. Lakini mtaani kwetu akina mama wanne tulianzisha mchezo wa pampasi: kila wiki tunachanga, na mmoja anapokea pakiti kubwa iliyonunuliwa kwa bei ya jumla. Ukinunua moja moja, angalia kwamba muuzaji anazihifadhi katika mfuko uliofungwa. Zikikaa wazi hushika vumbi, na gundi ya pembeni hupoteza nguvu.

Ya mwisho kabisa ni pampasi zisizo na jina, zinazoletwa kwa mzigo na kuuzwa katika mifuko isiyo na maandishi yoyote. Nyingi ni mabaki ya kiwandani yenye kasoro: gundi upande mmoja, mpira wa mapajani umelegea, au chembechembe zimekusanyika sehemu moja. Nilizinunua nikiwa na safari ya treni kwenda Kigoma na watoto wakiwa na miezi minane, nikafurahia wingi wake. Kabla hatujafika Kaliua, pampasi ya Doto ilichanika kwa ndani na jeli ikamshika mgongoni na katikati ya mapaja, vipande vinavyoteleza ambavyo havifutiki kwa kitambaa kikavu, nami nilikuwa na chupa moja tu ya maji kwa watoto wawili. Jeli yenyewe haikumdhuru, ila alisugulika hadi akababuka, na tulifika Kigoma analia kila akiguswa. Pakiti ya mtoto inapaswa kuwa na jina la mtengenezaji, idadi ya vipande, kilo za mtoto na tarehe, na nyumbani Tanzania tutafute pia alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania.

Kuhusu saizi, fuata uzito ulioandikwa kwenye kadi ya kliniki wala si umri. Kilo za saizi mbili zinazofuatana hupishana kwenye pakiti, na mtoto akiwa katika eneo hilo la kupishana, mnunulie ndogo madhali haimbani, kwa sababu kwa bei ile ile pakiti ya saizi kubwa ina vipande vichache zaidi. Panda saizi ukiona alama nyekundu kiunoni au mapajani, gundi haifiki mbele bila kuvutwa, au choo kinatokea mgongoni mara kwa mara.

Nepi za kitambaa hazimo katika shindano hili, lakini ndizo zinazoweza kupunguza gharama kuliko aina yoyote ya pampasi. Mtoto anayevaa nepi mchana akiwa nyumbani, kipande kimoja cha daraja la kati akitoka, na kimoja cha daraja la juu usiku, atatumia 1,100 kwa siku katika mfano wetu, yaani 33,000 kwa mwezi, pamoja na sabuni na maji. Kiangazi cha Tabora hukausha nepi kwa muda mfupi. Taabu ni kati ya Novemba na Aprili, mvua inapotanda na kamba imejaa nguo mbichi. Miezi hiyo ongeza bajeti ya pampasi mapema. Na wakati wa joto kali la Septemba na Oktoba, hata mwenye pampasi bora kabisa amwache mtoto bila kitu nusu saa mara mbili kwa siku, akilala juu ya khanga. Akibabuka, punguza muda wa kila kipande na mpake krimu ya zinki. Wekundu ukidumu zaidi ya siku tatu au ukitoa vipele vidogo pembezoni, mpeleke zahanati, kwani huenda ni fangasi na hakuna pampasi itakayouponya.

Pampasi iliyotumika ina gharama yake pia. Usiitupe katika choo cha shimo: plastiki haiozi, jeli huvimba, na shimo lililopaswa kudumu miaka hujaa mapema. Kung'uta kwanza kinyesi chooni, ikunje kuanzia mbele, ifunge kwa gundi zake zenyewe hadi iwe kama kifurushi, kisha itie kwenye ndoo yenye mfuniko hadi siku ya gari la taka. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku mwezi Juni mwaka 2019, mimi hutumia mfuko mtupu wa pakiti ile ile ya pampasi. Unabeba za siku nne au tano, na mbwa wa mtaani hawaufungui.