Ziara ya Mengo, Kampala: ukifika uliza kuhusu bakopi

Kama uko Kampala na una nusu siku tu nenda Mengo, chukua mwongozaji pale Bulange, jengo la bunge la Buganda, mtembee mpaka Lubiri kwenye ikulu ya Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, kwangu hii ni nyota tano bila kusita.

Wengi wanafika wanapiga picha jumba wanaondoka, jamani msifanye hivyo. Muulize mwongozaji kuhusu bakopi, yaani watu wa kawaida wasio wa kifalme (mmoja ni mukopi), hapo ndo utamu wenyewe ulipo. Siku hizi mtu akikuita mukopi ni kama kakutukana, mshamba usiye na adabu, lakini kwa asili ukishatoa balangira na bambejja, yaani wana na mabinti wa kifalme, waliobaki woote ni bakopi, hata Apolo Kagwa aliyekuwa Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, miaka na miaka na kusaini makubaliano ya 1900 na Waingereza naye mukopi tu. Na makubaliano hayohayo ndo yaligawa ardhi ya mailo, yaani ardhi ya kumilikiwa na mtu binafsi, kwa machifu, mkulima wa kawaida akajikuta anaishi kwenye shamba la mtu, sasa ukisema mukopi watu wanamfikiria huyo.

Kilichonigusa zaidi ni hiki, watoto wa Kabaka wanafuata ukoo wa mama yao na si wa baba. Kwa hiyo hakuna ukoo mmoja ulioshika kiti cha enzi peke yake, mama wa mfalme anatoka kwenye koo za hawahawa bakopi! Ndo maana ukitembea ile barabara ya Kabaka Anjagala unakuta alama za koo zimepangwa huku na huku, Mganda akifika kwenye ya kwake anasimama kabisa anakuonyesha.

Halafu kuna ile raundabauti ya Nnantawetwa, msiipite haraka. Kabaka anafunguliwa geti anapita katikati moja kwa moja, sisi wengine wote tunazunguka, waziri azunguke, bodaboda azunguke. Hapo unaelewa tofauti ya mfalme na mukopi bila maelezo marefu.

Lubiri kwenyewe utasikia habari za shambulio la 1966, jeshi la serikali ya Obote lilipoivamia ikulu, na vyumba vya mateso vya enzi za Amin, ni pazito, watoto wadogo wabaki nje.

Nendeni asubuhi kabla jua halijawa kali, akina dada bebeni kanga, na viatu viwe vya kutembelea.