Seti ya kupimia cAMP: nzuri, ila maelekezo yake mafupi mno

Jamani hii seti ya kupima cAMP (molekuli ndogo inayopeleka ishara ndani ya seli) naipenda kweli, rangi inatoka safi na hata kiwango kidogo inakikamata, ila mjue ni ya ushindani, yaani cAMP ikizidi rangi inapungua, msije mkasoma kinyume.

Shida ni kijitabu, kinasema tu weka foskolini (dawa ya kuifanya seli itengeneze cAMP) usubiri, basi. Hakisemi mamalia wana aina 9 za adenili saiklesi (AC, vimeng'enya vinavyotengeneza cAMP) za kwenye utando wa seli na hazifanani tabia, AC1 na AC8 kalsiamu ikishika protini ya kalmodulini zinaamka, AC5 na AC6 kalsiamu hiyohiyo inazizima, na AC9 foskolini haiigusi sana, sasa seli mbili zikipewa dawa ileile zinakupa majibu tofauti kabisa na mtu anadhani seti mbovu! Halafu IBMX waliyoweka ndani inazuia fosfodiesterasi (PDE, vimeng'enya vinavyovunja cAMP) nyingi lakini aina ya PDE8 haiishiki, kwa hiyo seli yenye PDE8 nyingi inaendelea kuimeza cAMP wakati wewe unapima. Hilo lilistahili ukurasa mzima.

Bufa zinatosha, sahani nzuri. Nyota 4 kati ya 5, nunueni ila kwanza jueni seli zenu zina vimeng'enya gani.