Pa Kuweka Muziki Wako Mtandaoni: Njia Tano, Kuanzia Ninayoipendekeza Zaidi

Nina kaseti moja ya dakika 90. Upande A ni nyimbo zilizorekodiwa kutoka redioni. Upande B, katikati, muziki unakatika ghafla na mama yangu anasikika akiimba huku anapiga pasi. Hata pasi yenyewe inasikika ikigonga meza. Niliihamishia kwenye kompyuta, nikaipakia pamoja na nyimbo zangu nyingine katika huduma moja iliyokuwa ikisifiwa sana wakati huo. Miaka michache baadaye wakatangaza kuifunga. Nilipokwenda kuchukua vitu vyangu nilipewa faili kubwa ya zipu yenye nyimbo zisizo na majina, nyingi zikiwa zimebanwa upya, na ile ya mama ilikuwa imekatwa dakika za mwisho. Nashukuru kaseti nilikuwa sijaitupa.

Tangu hapo, nikiulizwa huduma ipi ya kuwekea muziki ni nzuri, naanza na mlango wa kutokea. Je, siku ukiamua kuondoka, utarudishiwa faili ileile uliyoingiza, na jina lake, na ukubwa wake? Mpangilio ulio hapa chini umefuata swali hilo kwanza. Urahisi na gharama vimekuja baadaye.

Nazungumza na mtu mwenye muziki wake mwenyewe: CD alizonakili, faili alizonunua, kaseti, rekodi za kwaya, nyimbo za wasanii ambao hawapatikani popote mtandaoni. Kama yote unayosikiliza yako Spotify, lipia Spotify, yatosha. Ila usidhani Spotify itakutunzia na faili zako. Inaweza kucheza nyimbo zilizomo kwenye kifaa chako, lakini haizipandishi mtandaoni. Simu ikipotea, zimepotea nayo.

Kwanza pima mzigo wako

Wimbo wa dakika nne katika MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde una takriban megabaiti 10. Katika kilobiti 128 unashuka hadi karibu megabaiti 4. Ukiwa umenakili CD kwa FLAC, ambayo haipotezi chochote cha sauti, hesabu megabaiti 25 hadi 30. Kwa hiyo nyimbo 3,000 za MP3 nzuri ni gigabaiti 29 hivi, na zikiwa FLAC zinaweza kupita 80.

Kuzipandisha ni kazi nyingine. Intaneti nyingi hupakua haraka na kupakia polepole. Ukiwa na kasi ya kupakia ya megabiti 5 kwa sekunde, hizo gigabaiti 29 zitachukua karibu saa 13 bila kukatika. Panga usiku mbili tatu, na uhakikishe kompyuta haijiwekei usingizi.

1. Hifadhi ya kawaida ya faili pamoja na programu ya kuchezea

Wengi hutafuta "huduma ya muziki" wakati wanachohitaji ni kabati la kuwekea na redio ya kuchezea, na vitu hivyo viwili si lazima vitoke duka moja.

Kabati ni Google Drive, OneDrive, Dropbox, pCloud na wenzao. Hawa hawajali kama ulichoweka ni wimbo au barua ya kazi; wanakihifadhi kama kilivyo. FLAC inabaki FLAC, jina linabaki jina, na ukitaka kuhama unapakua folda nzima unaipeleka kwingine. Redio ni programu ya simu unayoiunganisha na akaunti hiyo: Symfonium kwa wenye Android, Evermusic au CloudBeats kwa wenye iPhone. Inasoma folda zako, inapanga wasanii na albamu pamoja na picha za majalada, nawe unasikiliza. Albamu unazozipenda unaziambia zikae kwenye simu kabisa ili zicheze hata pasipo mtandao. Programu ikikuchosha unabadilisha programu tu; muziki hausogei.

Kasoro yake ipo mwanzoni. Siku ya kwanza programu inabidi ipitie kila wimbo mtandaoni kusoma maelezo yake, na kwa maelfu ya nyimbo hilo huchukua muda mrefu na kula data nyingi. Lifanye ukiwa kwenye Wi-Fi, simu ikiwa kwenye chaji.

Nafasi ya bure haifanani: Google hutoa gigabaiti 15, lakini unazigawana na barua pepe na picha zako, OneDrive hutoa 5, Dropbox 2. Kwa maktaba ya kweli utalipia. pCloud huuza pia nafasi ya kulipia mara moja tu. Inavutia, na kwa mtu anayechukia ada za kila mwezi ni chaguo la haki, mradi ukumbuke kwamba uhai wa malipo hayo hauzidi uhai wa kampuni. Ukichagua Google, fahamu kuwa akaunti isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Rekodi za mzee aliyefariki zikiwa kwenye akaunti yake mwenyewe ambayo hakuna anayeifungua, zihamishe mapema.

2. Seva yako mwenyewe nyumbani

Hii ndiyo ninayoitumia, na ningeiweka namba moja kama ningejua kila msomaji ana jioni mbili za kuhangaika nayo.

Unachukua kompyuta ya zamani au kikompyuta kidogo kama Raspberry Pi, unachomeka diski yenye muziki, unaweka Navidrome. Programu hii ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Inasoma folda zako bila kuzigusa, kisha inazitoa kwa simu yoyote kupitia mfumo uitwao Subsonic, ambao programu nyingi za kusikilizia zinauelewa. Hapo kuna jambo ninalolipenda mno: faili nyumbani ni FLAC nzito, lakini nikiwa njiani seva inaibana papo hapo na kunitumia sauti nyepesi, bila kubadilisha faili yenyewe. Nikirudi nyumbani nasikia ile kamili.

Jellyfin nayo ni ya bure, ilizaliwa mwaka 2018 kutokana na Emby, programu nyingine ya seva, na inafaa zaidi kama una video pia. Plex, pamoja na programu yake ya muziki Plexamp, ndiyo rahisi kuiweka kuliko zote mbili, ila baadhi ya mambo yake ni ya kulipia na akaunti inapita kwao.

Ugumu uko kwenye kuifikia seva ukiwa mbali. Watoa intaneti wengi, hasa wa mtandao wa simu, hawakupi anwani yako peke yako, kwa hiyo ukiwa nje nyumba yako haionekani. Dawa niliyoikuta rahisi ni Tailscale: unaiweka kwenye seva na kwenye simu, na viwili hivyo vinaonana kama vile viko chumba kimoja, bila kufungua mlango wowote kwa wageni. Na umeme ukikatika nyumbani, muziki umekatika. Hilo halina dawa ya bure.

3. YouTube Music

Kama hutaki kulipa chochote, anzia hapa. Inakuruhusu kupakia hadi nyimbo 100,000 bila ada, na nyimbo ulizopakia wewe zinacheza bila matangazo na hata skrini ikiwa imezimwa, ingawa hulipii usajili. Unapakia kwa kivinjari cha kompyuta, na inapokea MP3, M4A, FLAC, OGG na WMA.

Mlango wa kutokea upo: Google Takeout, inayokutengenezea furushi la vyote ulivyopakia. Furushi si folda safi kama ulizoingiza, na ndiyo maana nimeiweka ya tatu. Nyimbo zako pia zinakaa kwenye kona yake, mbali na za katalogi yao, hivyo usishangae ukitafuta msanii wako ukaletewa kwanza mamia ya wengine.

Historia nayo ina neno. Google Play Music ilikuwa inapokea nyimbo 50,000 bure na watu waliipenda. Ilizimwa mwishoni mwa 2020, na wamiliki wakapewa hadi Februari 2021 kuhamisha vitu vyao kabla havijafutwa. Amazon waliacha kupokea nyimbo za watu mwishoni mwa 2017. Microsoft walizima uwezo wa Groove, programu yao ya muziki, kucheza nyimbo kutoka OneDrive Machi 2018, lakini tazama tofauti: faili zenyewe zilibaki OneDrive, kilichoondoka ni redio tu. Hiyo ndiyo faida ya kabati kutengana na redio.

4. iBroadcast

Hii ilijengwa kwa kazi hii moja tu. Unapakia maktaba yako, unasikiliza kwenye simu au kivinjari, na haikusukumii katalogi ya mtu mwingine. Kwa akaunti ya bure sauti inakufikia kwa kilobiti 128. Ukitaka ubora uleule wa faili yako unalipia. Kwa mazungumzo na kaseti za zamani kilobiti 128 hazina tatizo. Kwa muziki wenye vyombo vingi, sikiliza matoazi: yataanza kusikika kama maji yanayomwagika.

5. Apple: iTunes Match na Apple Music

Kwa mwenye iPhone na Mac hakuna kilicho chepesi kama hiki, na bado naiweka ya mwisho. Apple hulinganisha nyimbo zako na katalogi yao. Wimbo ukifanana, unachosikia kwenye simu ni nakala yao ya AAC, aina ya faili iliyobanwa kama MP3, ya kilobiti 256. Kama ulikuwa na MP3 mbovu, umepata nafuu. Usiofanana unapakiwa, lakini faili nzito zisizopoteza sauti, za ALAC, WAV na AIFF, hubanwa kwanza kuwa AAC 256, na FLAC haipokelewi mpaka uigeuze. Kwa hiyo kilichopo mtandaoni mara nyingi si faili yako, ingawa ile iliyo kwenye kompyuta yako haiguswi.

Kikomo ni nyimbo 100,000. Wimbo mmoja usizidi megabaiti 200, nao ulio chini ya kilobiti 96 haustahili. Rekodi za kaseti zilizobanwa sana zamani zinaangukia hapo moja kwa moja. iTunes Match, usajili wa nyimbo zako tu bila katalogi yao, haipatikani kila nchi. Usajili wa Apple Music ukikatika, maktaba ya mtandaoni nayo inaondoka. Apple wenyewe wanasema wazi kwamba hii si huduma ya nakala rudufu, na ni vyema tukawasikiliza.

Bando lako

Kusikiliza saa moja kwa kilobiti 320 kunakula megabaiti 144. Mtu wa saa mbili kwa siku anamaliza zaidi ya gigabaiti 8 kwa mwezi. Kwa sauti iliyobanwa kwa mfumo wa Opus, ya kilobiti 96, ambayo sikio langu halioni shida nayo nikiwa barabarani, matumizi yanashuka hadi gigabaiti 2 na nusu hivi. Kabla hujalipa, hakikisha programu unayoichagua ina mpangilio wa ubora mmoja kwa Wi-Fi na mwingine kwa data, na inaweza kuweka albamu kwenye simu.

Safisha majina kabla ya kupakia

Usiruke hapa. Kila wimbo una lebo ndani yake: jina, msanii, albamu, namba. Kuna sehemu moja watu huisahau, ya msanii wa albamu. Ukiwa na albamu ya waimbaji 14 na sehemu hiyo iko tupu, programu nyingi zitakutengenezea albamu 14 za wimbo mmoja mmoja. Jaza neno moja kwa zote na zitarudi kuwa albamu moja. Mp3tag hufanya kazi hiyo kwa mamia ya faili kwa mpigo. MusicBrainz Picard hutambua wimbo kwa kusikiliza sauti yenyewe, hata kama faili inaitwa "Track 07". Rekodi za nyumbani haitazijua, hizo utaziandika kwa mkono wako. Andika nani anaimba na mwaka gani, wakati bado yuko mtu anayekumbuka.

Asili zibaki kwako, kwenye diski ya nje, na ukiweza diski ya pili kwa ndugu. Mwaka 2019 MySpace, mtandao wa kijamii wa zamani, walikiri kupoteza nyimbo zilizopakiwa kwao kwa zaidi ya miaka kumi, na nyingi hazikurudi.

Kisha fanya jaribio hili kabla ya kulipia mwaka mzima. Chukua albamu moja, ipakie, isikilize siku mbili. Halafu ipakue kutoka huko kwenda folda tupu na uiweke kando ya ile ya asili. Tazama majina, tazama ukubwa wa kila faili, fungua wimbo wa mwisho uusikilize mpaka sekunde ya mwisho. Mimi hutumia upande B wa kaseti ya mama: nasubiri nisikie pasi ikiwekwa mezani na mlango ukifungwa. Nikisikia mlango, nalipa.