Saa inayozunguka kinyume: miezi kumi na mmoja kwenye saluni yangu

Mimi ni kinyozi, Temeke. Saluni ina viti viwili na vioo viwili vikubwa. Mteja anakaa akitazama kioo, ukuta wa nyuma uko mgongoni kwake, na ukutani pale nilikuwa nimetundika saa ya kawaida, ile nyeupe ya duara inayouzwa kila duka la vyombo.

Ijumaa moja nilikuwa nimemaliza upande mmoja wa kichwa cha mteja, akanyanyuka ghafla na kitambaa bado kiko shingoni. "Fundi, swala inanipita!" Kwenye kioo alikuwa ameona saa sita na nusu. Saa yenyewe ilikuwa tano na nusu. Kioo hugeuza kulia kuwa kushoto: mshale mrefu uliokuwa kwenye 6 haukubadilika, maana 6 iko chini katikati, lakini mshale mfupi uliokuwa kati ya 11 na 12 ulionekana kati ya 12 na 1. Saa nzima imeongezeka hapo, na mtu wa watu ana haki ya kushtuka.

Ndipo nikakumbuka nilichowahi kusikia, kwamba vinyozi wa Marekani zamani walikuwa na saa zao maalumu, zimetengenezwa kinyumenyume ili mteja azisome kwenye kioo. Nikatafuta mtandaoni, nikapata muuzaji, nikalipa shilingi 25,000 pamoja na usafiri. Ikaletwa na bodaboda siku ya tatu.

Naanza na kilichoniudhi. Saa hizi ziko za aina mbili, na muuzaji hakunieleza. Zote mishale yake huenda upande wa kushoto. Ila aina ya kwanza namba zake zimeandikwa kama kawaida, zimepangwa tu kinyume: 1 iko kushoto kwa 12, halafu 2, halafu 3. Hiyo ni ya kufurahisha wageni sebuleni. Aina ya pili, namba zenyewe nazo zimegeuzwa, na hiyo ndiyo ya kinyozi. Mimi nililetewa ya kwanza. Kwenye kioo mishale ilikaa sawasawa kabisa, lakini 2, 3 na 5 zilitazama nyuma, 10 ikawa 01, na 12 ikawa kitu ambacho mtoto wa darasa la kwanza angechapwa kwa kukiandika. Zilizopona ni 1, 8 na 11, kwa sababu 1 yake ni kijiti kitupu. Nikampigia muuzaji, akanijibu mzigo ukishafunguliwa haurudi.

Sikuiacha. Nilifungua skrubu nne za nyuma, nikatoa kioo cha plastiki, nikachomoa mishale taratibu, wa sekunde kwanza, kisha mrefu, kisha mfupi. Akrabu, kama wazee wa pwani wanavyoiita, ni bati jepesi sana, ukiibana kwa nguvu inapinda. Nikapima duara, nikaenda steshenari, kijana akaniandalia uso mpya, akaugeuza kwenye kompyuta na kuuchapa kwenye karatasi nzito. Nikagundisha juu ya ule wa zamani. Nilipoirudisha ukutani na kukaa kwenye kiti changu mwenyewe kutazama kioo, namba zilisomeka zote. Nilikaa pale dakika tano nzima nikiitazama tu.

Nilipokuwa nimeifungua nilimpelekea fundi saa jirani yangu aikague mashine. Kile kijisanduku cheusi cha nyuma ndani yake kina kipande cha kwatzi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Nilimuuliza kwa nini namba ya ajabu namna ile. Akaniambia igawanye kwa mbili, ugawanye tena kwa mbili, mara kumi na tano. Unabaki na moja. Hiyo moja ndiyo pigo la sekunde linalosukuma mota ndogo hatua moja. Na ili mota iende kinyume, kiwandani wanageuza kile chuma kinachoizingira sumaku yake, juu kuwa chini, basi. Sehemu nyingine ni zilezile za saa yoyote ya bei nafuu. Kwa hiyo msidanganywe na muuzaji anayedai bei kubwa eti mashine ni ya kipekee.

Kwa usahihi sina malalamiko. Kila tarehe mosi nailinganisha na simu, na mara nyingi imekosea sekunde ishirini hivi. Kabla Mholanzi Christiaan Huygens hajaitengeneza saa ya timazi, ile yenye uzito unaobembea, mwaka 1656, saa nzuri ya Ulaya ilikuwa inapotea kama robo saa kwa siku moja. Yangu ina betri moja ndogo ya rimoti. Ile iliyokuja nayo ilikufa ndani ya wiki tatu. Nikaweka ya alkalaini, na mpaka leo inadunda.

Wateja wapya wote huuliza swali moja: "Mbona inarudi nyuma?" Nimeulizwa mara nyingi mpaka nikaona nitafute jibu la maana, na hapa ndipo saa hii ilipoingia moyoni mwangu.

Saa za kwanza za mitambo huko Ulaya hazikuwa hata na uso. Ile ya kanisa kuu la Salisbury, Uingereza, inayokadiriwa kuwa ya mwaka 1386, ilikuwa inagonga kengele tu. Baadaye zilipowekewa uso na mshale, mshale ukafuata njia ambayo watu walikwisha kuizoea kwenye saa za jua, yaani njia ya kivuli. Ulaya jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima, na kivuli cha kijiti kilichosimama huanza magharibi, kikapita kaskazini, kikaishia mashariki. Huo ndio mwendo tunaouita wa saa. Ni mwendo wa kivuli cha kwao.

Sasa cha kwetu je? Mwezi wa saba nilichukua mpini wa fagio, nikauchomeka mchangani mbele ya saluni, nikawa naweka kizibo cha soda kwenye ncha ya kivuli kila baada ya saa moja. Saa tatu asubuhi kivuli kililala kusini-magharibi. Kikafupika kikielekea kusini, kisha kikapinda kwenda kusini-mashariki. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri kunyolewa alitoka nje, akavitazama vizibo, akarudi ndani akaitazama saa. "Mwanangu, vinakwenda njia moja." Kweli. Mwezi wa saba Dar es Salaam, kivuli kinazunguka kama saa yangu.

Mwezi wa kumi na mbili nikarudia. Kivuli kilikwenda kama saa ya kawaida, kupitia kaskazini. Dar iko kusini ya ikweta kwa karibu nyuzi saba tu, kwa hiyo jua hutuvuka vichwani mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kama tarehe kumi ya Oktoba. Kuanzia Machi liko kaskazini yetu, kuanzia Oktoba liko kusini. Sisi tuna mwendo wote wawili. Bolivia, walioko kusini zaidi, mwaka 2014 waliigeuza saa ya jengo la Bunge lao pale La Paz izunguke kushoto, wakisema wao ni watu wa kusini. Na Prague iko saa kwenye jengo la zamani la baraza la Wayahudi, yenye herufi za Kiebrania, inayokwenda kushoto kama maandishi yake yanavyosomwa.

Vile vizibo vilinionyesha jambo jingine. Kivuli kifupi kuliko vyote hakikuwa saa sita kamili, kilikuwa karibu saa sita na nusu. Majira yetu yamefungwa kwenye nyuzi 45 za mashariki, na Dar iko nyuzi 39 na kidogo; kila nyuzi moja ni dakika nne ambazo jua linachelewa kutufikia. Ndiyo maana adhana ya adhuhuri hapa haiadhiniwi saa sita juu ya alama.

Yule mzee alinishauri kwamba kwa kuwa nimechapa uso mwenyewe, basi ningeweka 6 juu na 12 chini, zifuate saa zetu. Nilifikiria sana. Tunahesabu kuanzia macheo, na kwetu hesabu hiyo ina mantiki, kwa sababu tofauti ya mchana mrefu na mfupi haifiki hata saa moja kwa mwaka. Lakini sikufanya. Mswahili akiona mshale kwenye 10 mdomo wake unasema nne bila akili kushughulika. Ukimwekea 4 pale, ndipo utamchanganya.

Kasoro nyingine mbili. Plastiki ya mbele inameremeta: taa ya tyubu ilijichora juu ya 9 mpaka isisomeke. Niliishusha saa kidogo na kukunja boksi nyuma ya ukingo wa juu ili iiname mbele, ikapona. Na inagonga kwa sauti. Mchana mashine za kunyolea zinaifunika, lakini usiku nikifunga hesabu naisikia. Chumbani nisingeiweka.

Kwa mwenye saluni, nasema nunua. Sebuleni pia, kama unapenda kuulizwa maswali na wageni. Ila kabla hujatoa hela mwambie muuzaji aitundike, uipe mgongo, ufungue kamera ya mbele ya simu kama unayetaka kujipiga picha. Skrini ile inaonyesha kama kioo. Namba zikisomeka vizuri pale juu ya bega lako, hiyo ndiyo ya kinyozi.