Tanuri dogo la gesi kwa mhunzi anayerudi kazini: uzoefu wangu

Nilipoacha kufua chuma nilikuwa mtu wa mkaa na mvukuto. Niliporudi, baada ya miaka mingi, fuawe, lile pande la chuma la kufulia juu yake, ilikuwa nzima na makoleo yalihitaji kusuguliwa kutu tu, lakini ule muda wa kukaa na moto mchana kutwa sikuwa nao tena. Nikanunua tanuri la gesi la kichomeo kimoja, lile la umbo la pipa, wazi mbele na nyuma. Kwa mtu anayefua jioni baada ya shughuli zake, linafaa sana. Anayependa moto wenyewe ataliona bubu.

Uzuri wake mkubwa ni wepesi. Unafungua gesi, unawasha, unapanga nyundo zako, na chumba cha tanuri kishakuwa chekundu. Hakuna kupuliza, hakuna kuchokoa majivu. Chuma nacho hakiungui ovyo. Kwenye mkaa ukigeuka kidogo tu ncha nyembamba inarusha cheche, na chuma kilichoungua hivyo hakiponi, ni cha kukatwa. Humu joto limeenea, kwa hiyo mkono uliolala miaka unapata nafasi ya kukumbuka pigo.

Usawa huo wa joto nimeufurahia zaidi wakati wa kukomaza, yaani kukifanya kigumu, kisu cha springi ya gari. Chuma huacha kushikwa na sumaku kwenye nyuzi 770 hivi za Selsiasi. Nagusisha sumaku, ikikataa narudisha kisu motoni kipate joto zaidi kidogo, kisha nakizamisha kwenye mafuta yaliyopashwa. Maji siyatumii, springi hupasuka.

Kasoro zipo. Urembo wa kupindapinda ukishapanuka hauingii mlangoni, na huwezi kupasha kipande kifupi tu katikati ya nondo kama mkaa unavyokuruhusu. Mtungi mdogo nao hukuangusha: gesi inapogeuka mvuke hunyonya joto la mtungi, nje kunaganda barafu, na moto unafifia kazi ikiwa imenoga. Chukua mtungi mkubwa.

Lililoniudhi hasa ni bitana, ule utando wa ndani wa kuzuia joto. Tanuri limekuja na sufi ya seramiki tupu, na karatasi ya maelezo haikugusia kwamba nyuzi zake zikipeperuka si za kuvuta mapafuni. Ipake kigumishi, kimiminika cha kushikamanisha nyuzi, kisha udongo wa kuhimili moto, uache ukauke kabisa kabla hujawasha. Vifaa hivyo utavinunua pembeni, basi vihesabu ndani ya bei. Na usiliwashe chumbani kwa kufunga milango, hata iwe baridi kiasi gani. Moto huo hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu ya kukushtua. Vyuma vilivyopakwa zinki usivitie humo kabisa, moshi wake ni sumu.

Kelele? Linanguruma, ila mpiga nyundo atalalamikia kelele kwa uso gani.

Kuunga chuma kwa chuma ndiko sijaliamini nako. Boraksi, unga unaonyunyiziwa chuma ili kiungane, ikiyeyuka inadondoka sakafuni mwa tanuri na kuila sufi kama maji ya moto yanavyokula sukari. Yapo matofali maalumu ya kutandika chini ili kuikinga, lakini sijayanunua. Siku ya kuunga nawasha mkaa.